Namna mashini inavyohesabu gesi ya ziwa letu



Katika somo la kemia la mwaka wa sita, mwalimu aliandika ubaoni kwamba ndani ya maji ya chini ya ziwa Kivu kuna karibu kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni, ile CO2, na karibu 60 za metani, kama gesi hiyo ingetolewa yote na kupimwa huku juu. Mwenzetu mmoja wa nyuma akainua mkono: "Mwalimu, ni nani alishuka kule chini ya mayi kuhesabia?" Darasa lote likacheka. Lakini kicheko kilipoisha, tuliona kwamba hakuna hata mmoja wetu mwenye jibu. Mwalimu akasema: "Ninyi makapita, mko na kinywa mingi. Tafuteni jibu, muliandike katika gazeti." Njo sababu tunaandika.

Tena, swali lile si la mchezo. Wengi wetu tunakumbuka mwezi wa tano wa mwaka 2021. Nyiragongo ilitoa moto usiku wa tarehe 22, kisha nchi ikatetemeka siku nyingi, na tarehe 27 watu wa sehemu kubwa ya mji wa Goma waliambiwa waondoke. Tulitembea na magodoro kichwani kwenda Sake. Wengine walishika njia ya Rutshuru, wengine walivuka Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu. Njiani kila mtu alikuwa na habari yake. Huyu alisema gesi imekwisha kupanda. Yule alisema ziwa limeanza kuchemka. Mzee mmoja aliyekuwa na redio alitukumbusha ziwa Nyos la Cameroun, ambalo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa gesi ya kaboni na kuua watu karibu 1 700 pamoja na ng'ombe wao, bila moto, bila kelele kubwa. Na Nyos ni ziwa dogo sana mbele ya Kivu.

Basi swali la kweli ni hili: gesi ya ziwa letu inaongezeka, au inabaki vile vile? Kulijibu, lazima kupima leo, kupima tena baada ya miaka, kisha kulinganisha. Mwaka 2005 wataalamu waliandika kwamba metani ilionekana kuongezeka, labda hata kwa asilimia 15 katika miaka 30. Watu wengi waliogopa, na walikuwa na haki. Ndipo mwaka 2018 vikundi mbalimbali vilikwenda ziwani kwa wakati mmoja, kila kimoja na njia yake ya kupima, ili waone kama hesabu zao zinapatana. Kikundi kimoja, cha wanamaji wa Uswisi (si wanajeshi, ni wataalamu wa maji!), kilikuja na mashini ndogo inayobebeka ambayo inaitwa spektrometa ya masi. Ndani ya mashini hiyo kuna kitu kidogo kinachofanya kazi ya kuhesabu. Kitu hicho kinaitwa detekta, na ndicho tunachotaka kueleza hapa.

Tuseme wazi kabla ya kuendelea: katika labo yetu hakuna mashini kama hiyo. Tuko na mizani moja, ampermetri mbili (moja mzima), na chupa zile mnazozijua. Lakini kila kanuni tutakayotumia hapa tumeisoma katika mwaka wa nne na wa tano, na mwalimu wa fizika amesoma maneno yetu na kuyasahihisha.

Mashini yote inafanya kazi tatu, moja nyuma ya nyingine. Kwanza inawapa molekuli chaji. Pili inawachagua kwa uzito. Tatu inawahesabu. Kazi mbili za kwanza tutazipita upesi.

Gesi inaingia kwa njia ya mrija mwembamba sana ndani ya chumba cha chuma ambacho hewa yake imeondolewa. Humo kuna filamenti, yaani waya mwembamba unaowaka kama ule wa balbu ya zamani. Filamenti inatoa elektroni, na elektroni hizo zinasukumwa kwa nguvu ya volti 70. Zikigonga molekuli ya gesi, zinaipokonya elektroni moja. Molekuli ilikuwa haina chaji, sasa imebaki na chaji moja chanya: imekuwa ioni. Kwa nini tunataka chaji? Kwa sababu kitu kisicho na chaji huwezi kukivuta wala kukisukuma kwa umeme. Ioni unaichunga kama mbuzi mwenye kamba.

Kisha ioni zinapita katikati ya fimbo nne za chuma zilizosimama sambamba. Katika fimbo hizo kuna umeme wa aina mbili pamoja, ule usiobadilika na ule unaogeuka-geuka mara milioni nyingi kwa sekunde. Ioni zinayumba-yumba kule ndani. Ukiweka volti kwa kipimo fulani, ni ioni za uzito mmoja tu zinazoweza kufika mwisho. Nyingine zote zinagonga fimbo na kupotea njiani. Ukibadilisha volti, unapitisha uzito mwingine. Hivi unaweza kupitisha 16 (metani), kisha 28 (azoti), kisha 32 (oksijeni), kisha 44 (gesi ya kaboni), moja moja, kama mama anayebadilisha chungio.

Sasa shikeni neno hili, kwa sababu sisi wenyewe lilitupoteza siku mbili nzima: detekta haijui uzito. Haijui kama iliyofika ni metani au oksijeni. Ni kipofu. Kazi yake ni kusema tu: "moja imefika, moja imefika, moja imefika." Ni fimbo zilizo mbele yake zinazojua nani wamepitishwa. Wakati wa chakula, kapita anayesimama mlangoni anahesabu vichwa. Aliyeamua kwamba leo wanaanza kula wa mwaka wa kwanza ni mwingine. Kapita akihesabu vizuri na mwamuzi akikosea, hesabu ni ya bure.

Iko detekta za namna mbili katika mashini ndogo kama ile iliyokuja ziwani, na zote mbili ziko mle pamoja.

Ya kwanza ni rahisi kupita kiasi. Ni kikombe cha chuma. Kinaitwa kikombe cha Faraday, kwa heshima ya Michael Faraday, yule Mwingereza tunayemsoma katika umeme. Ioni inaingia ndani ya kikombe, inagusa chuma, na elektroni moja inatoka kwenye waya kuja kuifuta ile chaji chanya. Ioni nyingi zikiingia, elektroni nyingi zinapita katika waya, na huo ni mkondo wa umeme. Unaupima, basi umekwisha.

Lakini angalieni udogo wake. Chaji ya ioni moja ni kulombi 1,6 mara 10 kwa kipeo cha kutoa 19. Hata ukiingiza ioni milioni 6 na robo kila sekunde, mkondo ni sehemu moja tu ya ampere iliyogawanywa mara milioni milioni. Ampermetri yetu ya labo haiwezi hata kutikisa sindano. Ndiyo maana wanapitisha mkondo huo katika rezistansi kubwa ya ajabu, kama omu bilioni 100. Mkumbuke sheria ya Ohm, ile ambayo wa mwaka wa nne wanasema haina kazi: volti ni mkondo mara rezistansi. Fanyeni hesabu, mtapata volti 0,1. Volti 0,1 inapimika kabisa. Kile ambacho hakikuonekana, sasa kinaonekana, kwa rezistansi tu!

Kwa nini kikombe, na si sahani? Hili jambo lilitufurahisha. Ioni inapogonga chuma kwa nguvu, mara nyingine inang'oa elektroni kutoka katika chuma chenyewe. Elektroni ikitoroka nje, mashini inadhani kwamba chaji nyingine chanya imefika, na hesabu inazidi ukweli. Sahani ingewaacha watoroke. Kikombe kirefu kinawashika: elektroni inang'oka chini, inagonga ukuta, inabaki ndani. Tena mbele ya mdomo wa kikombe wanaweka sahani yenye tundu na yenye volti hasi, ili elektroni inayotaka kutoka irudishwe. Ni kama lango la bweni saa mbili ya usiku.

Kikombe hakichoki, hakizeeki, na leo kinasema vile kilivyosema mwaka jana. Udhaifu wake ni kwamba hakisikii sauti ndogo. Joto peke yake linazisukuma elektroni ndani ya rezistansi huku na huku, na hiyo ni kelele. Ikiwa ioni zinazofika ni elfu chache tu kwa sekunde, sauti yao inapotea ndani ya kelele, na ukingoja sana ili uwasikie, kazi inakuwa ya polepole mno.

Hapo ndipo inapokuja detekta ya pili, ambayo tungeita mzidishaji wa elektroni.

Tuchukue mfano wa mabweni. Mwanafunzi mmoja amepita nyuma ya jiko, amesikia harufu ya nyama. Anawaambia wenzake wawili. Kila mmoja wa wale wawili anawaambia wengine wawili. Baada ya hatua 3 wamesikia 8. Baada ya hatua 10 wamesikia 1 024, nao ni wengi kuliko shule yetu. Baada ya hatua 20 wangekuwa zaidi ya milioni moja. Habari moja ndogo, na kelele inayofika hata kwa mwalimu wa nidhamu.

Mzidishaji unafanya vile vile. Ni mrija wa kioo maalumu wenye mdomo mpana kama tarumbeta, na ndani umepakwa utando unaopitisha umeme kidogo sana. Mdomo wake wako wanauweka kwenye volti hasi kubwa, kwa kawaida kati ya 1 000 na 3 000, na mkia wake karibu na sifuri. Ioni chanya inavutwa kwa nguvu na mdomo ule hasi. Inagonga ukuta, inang'oa elektroni mbili au tatu. Kumbe, kile kilichokuwa kosa katika kikombe, hapa ndicho tunachotafuta! Elektroni zile zinasukumwa na volti kwenda mbele, zinagonga ukuta tena, kila moja inang'oa nyingine mbili au tatu, na vivyo hivyo mpaka mwisho wa mrija. Ioni moja iliingia; mkiani inatoka jeshi la elektroni laki moja, milioni moja, hata milioni mia. Yote hiyo kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde. Jeshi hilo linatoa pigo moja la umeme, na mashini inahesabu pigo: moja.

Iko aina nyingine ambayo haina mrija, lakini ina vibao vingi vya chuma vimepangwa ngazi kwa ngazi, na kila kibao kina volti yake. Kazi ni ile ile.

Tumeona katika picha kwamba mrija ule umepindwa kama pembe ya ng'ombe. Tulidhani ni kwa kupunguza nafasi tu. Hapana. Hata katika chumba kilichoondolewa hewa, molekuli chache zinabaki. Karibu na mkia wa mrija elektroni ni nyingi sana, na zinaweza kuigonga molekuli kama hiyo na kuifanya ioni chanya. Ioni hiyo sasa inavutwa kurudi nyuma, mpaka mdomoni, na kuanzisha jeshi jipya la uongo. Mrija ukiwa umepindwa, ioni ya kurudi nyuma inagonga ukuta upesi, kabla haijapata mbio, na uongo unakufa palepale. Tena detekta nzima mara nyingi haiwekwi mbele ya fimbo moja kwa moja, bali kando kidogo, kwa sababu mwanga wa filamenti na molekuli zisizo na chaji huja kwa mstari ulionyooka, nao wanaweza kugonga ukuta na kutoa pigo. Ioni ya kweli inapindishwa na umeme na kuingia. Wageni wasio na chaji wanapita bure.

Mambo haya hayakuanza jana. J. J. Thomson, kule Cambridge, kati ya mwaka 1912 na 1913, alitumia bamba la picha kama detekta, na kwa namna hiyo aliona kwamba gesi ya neoni iko na alama mbili, 20 na 22. Msaidizi wake Francis Aston alitengeneza mashini bora mwaka 1919, na mwaka 1922 akapewa Nobeli ya kemia. Katika mwaka 1940 Alfred Nier wa Marekani alitenga kwa mashini ya namna hii uraniumu 235 kidogo kabisa, isiyoonekana kwa jicho, na kwa hiyo ilijulikana kwamba ni hiyo 235 inayopasuka kwa neutroni za polepole, si ile 238 iliyo nyingi. Wale wenye ndugu Katanga watapenda kujua kwamba sehemu kubwa ya uraniumu iliyotumiwa na Wamarekani wakati wa vita vile ilitoka Shinkolobwe. Lakini hiyo ni habari ndefu, tuiache kwa mwalimu wa historia.

Turudi kwenye kazi. Namna gani mtu anaendesha detekta? Hapa ndipo wengi wanaharibu, na chombo ni cha bei kali.

Neno la kwanza ni hewa. Pompi mbili zinafanya kazi: moja ya kawaida inaanza, kisha nyingine yenye mabapa kama feni, inayozunguka mara elfu moja na zaidi kwa sekunde moja, inamaliza. Volti kubwa ya mzidishaji haiwashwi kamwe kabla hewa ndani haijapungua kufikia karibu sehemu moja ya milioni mia ya hewa ya kawaida. Ukiwasha mapema, umeme unaruka ndani ya hewa iliyobaki, cheche zinaunguza utando, na detekta imekufa. Tena haikuzimika kwa sauti: inaonekana mzima lakini haizidishi tena. Kwa hiyo mashini nzuri iko na kifungo chenyewe kinachokata volti ile hewa ikipanda. Sisi tunaojua umeme wa huku, unaokuja na kuondoka bila kuaga, tunaelewa sababu. Mashini iliyokuja ziwani inatumia karibu wati 50 tu, na inaweza kuendeshwa na betri.

Neno la pili ni mikono. Detekta haiguswi kwa kidole kitupu. Mafuta ya ngozi yanabaki kwenye utando, yanatoa gesi siku nyingi, na elektroni zikiyapiga zinayageuza kuwa makaa. Unavaa glavu safi.

Kisha unaangalia chumba kitupu kabla ya kuingiza gesi yoyote. Daima kuna 18, maji. Ukiona 28 na 32 pamoja, na 28 ni karibu mara nne ya 32, jua kwamba hewa inaingia fasi fulani, kwa sababu huo ndio uwiano wa azoti na oksijeni katika hewa tunayovuta. Kutafuta tundu, unapulizia argoni kidogo kandokando ya kila kiungo huku ukiangalia 40. Fasi ambapo 40 inaruka juu, njo pale penye tundu. Mafundi wa baiskeli wanatumia maji na sabuni. Akili ni moja.

Ya tatu, kuchagua volti ya mzidishaji. Unaanza chini, unapandisha kidogo kidogo, labda volti 50 kila mara, na unatazama hesabu. Kwanza hesabu inapanda upesi, kwa sababu mapigo mengi yalikuwa madogo mno na mashini iliyatupa pamoja na kelele. Kisha inafika mahali ambapo haipandi tena: ni uwanja tambarare. Simama hapo, mwanzoni mwa tambarare. Ukizidi kupandisha hupati ioni nyingine, unapata kelele, na unamaliza maisha ya detekta bule.

Maana inazeeka. Kila pigo linakula utando kidogo, na makaa yanajikusanya. Iliyokuwa inazidisha mara laki moja, baada ya miezi inazidisha mara elfu sitini. Hapo tunafika kwenye hatari yenyewe. Chukueni kwamba mtu amepima ziwa akitumia mkondo wa mzidishaji mwezi wa kwanza, na mwezi wa nane akarudi na detekta ile ile bila kuichunguza. Atasoma asilimia 60 ya alichosoma kwanza. Atakwenda redioni aseme kwamba asilimia 40 ya gesi imetoka, na mji mzima utabeba magodoro tena. Kumbe ziwa halikubadilika hata kidogo. Ni detekta iliyozeeka.

Dawa yake ni kikombe. Kwa sababu kikombe na mzidishaji viko ndani ya mashini moja, unachukua gesi ile ile, mkondo ule ule wa ioni, unaupima kwa kikombe, kisha kwa mzidishaji, unagawanya. Ikiwa kikombe kinasema sehemu moja ya milioni milioni ya ampere, na mzidishaji unasema sehemu moja ya milioni kumi, uzidishaji ni laki moja. Ukishuka, unaongeza volti. Siku ambayo volti imefika mwisho wake, unanunua detekta mpya. Na kila mara, kati ya kipimo na kipimo cha maji ya ziwa, unaingiza gesi ambayo unajua tayari kiasi chake: hewa ya kawaida, yenye argoni asilimia 0,93, na gesi ya chupa yenye metani na CO2 ya kipimo kinachojulikana. Unapima unachojua, unapima usichojua, unapima tena unachojua. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayofanya hesabu iaminike.

Iko pia udanganyifu wa uzito. Tulisema metani ni 16. Lakini oksijeni iliyopasuka katikati inatoa 16 vilevile, na maji, na CO2, kwa sababu zote zina atomu ya oksijeni. Detekta kipofu itazihesabu zote pamoja. Bahati nzuri metani inapogongwa na elektroni inapoteza haidrojeni moja mara nyingi sana na kuacha 15, na pale 15 karibu hakuna mwingine. Kwa hiyo mpimaji mwenye akili anatazama 15. CO2 nayo iko na mchezo wake: inayopoteza elektroni mbili badala ya moja inaonekana kwenye 22, kwa sababu fimbo zinapima uzito ukigawanywa kwa chaji. Wa mwaka wa tano walioandika katika jaribio kwamba ni neoni, watusamehe, lakini hapana.

Mwisho, kosa la haraka. Tuliposimama mlangoni pa chumba cha kulia na kuandika majina, tulijua kwamba wakati kalamu iko kwenye jina moja, wengine wawili wanaweza kupenya. Detekta iko na ugonjwa huo. Baada ya kila pigo inabaki kipofu kwa muda kidogo, tuseme sehemu 50 za bilioni ya sekunde. Ioni zikiwa chache hakuna shida. Lakini zikiwa milioni moja kwa sekunde, muda wa upofu ukijumlishwa ni 0,05 ya sekunde, basi asilimia 5 wamepenya bila kuandikwa. Kwa gesi nyingi kama CO2 ya maji ya chini, ni afadhali kutumia kikombe, ambacho hakiandiki majina bali kinapokea wote kwa pamoja. Kwa gesi chache, mzidishaji.

Na yule aliyeuliza nani alishuka? Hakuna aliyeshuka. Ziwa lina kina cha karibu meta 485, na kule chini maji yanasongwa na uzito wa maji ya juu kama mara 48 ya hewa yetu. Gesi inabaki imeyeyuka kama katika chupa ya limonadi isiyofunguliwa. Wanashusha mpira mrefu hadi kina wanachotaka, maji yanapanda, gesi inatengana na maji, na kidogo chake kinaingia katika ule mrija mwembamba. Matokeo ya kazi ya 2018 yalitolewa mwaka 2020: njia zile mbalimbali zilipatana vizuri, na gesi ilionekana kukaa karibu palepale ilipokuwa, bila dalili kwamba inaongezeka. Hata pale ilipo nyingi kwa kulinganisha na kina, imefika kidogo kupita nusu ya kiasi ambacho maji yale yanaweza kushika. Hiyo haisemi kwamba hakuna hatari: moto wa chini ya ardhi ukiingia ziwani ni habari nyingine, na lazima kupima siku zote. Lakini wakati mwingine mtu akituambia njiani kwamba gesi imeongezeka, tutamuuliza amepima kwa nini, na alipima lini gesi yake ya chupa.

Zoezi kwa wa mwaka wa tano na wa sita: mzidishaji umeonyesha ioni milioni 2 kwa sekunde, na muda wake wa upofu ni sehemu 50 za bilioni ya sekunde. Hesabu ya kweli ni ngapi? Tahadhari, wasiopita mbio watapata zaidi ya milioni 2,2. Leteni majibu kwa kapita wa maktaba kabla ya Ijumaa, karatasi moja kwa kila mtu, na jina lisomeke.